Rani na nusu lita ya maziwa

Je, wewe unacheza mchezo gani? Netiboli? Mpira wa miguu? Labda shuleni kwenu wapo wanaocheza mpira wa magongo, yaani hoki. Wachezaji ni 11 kila upande, mpira ni mdogo na mgumu, na kila mmoja ana gongo lake. (Gongo la kuchezea, siyo lile la kunywa!) Mechi ni dakika 60 za mbio. Mwenye njaa hafiki mbali.

Leo tumfahamu Rani Rampal wa India. Jina lake maana yake ni malkia, lakini hakuzaliwa katika jumba la kifalme. Alizaliwa mwaka 1994 katika mji mdogo wa Shahabad Markanda, jimbo la Haryana. Baba yake aliilisha familia kwa kazi ya mkokoteni.

"HUNA NGUVU"

Karibu na kwao palikuwa na kituo cha kufundishia hoki. Rani alipomwomba kocha Baldev Singh amfundishe, alikataliwa. Kisa? Lishe yake ilikuwa duni, mwili hauna nguvu za kuhimili mazoezi. Rani hakususa. Alipata gongo lililovunjika, akajifunza nalo, na akazidi kuomba mpaka kocha akakubali.

Nyumbani nako kukawa na kesi. Eti mtoto wa kike akimbie uwanjani na sketi fupi, watu watasema nini? Aliwasihi wazazi wampe nafasi, wakampa. Saa hawakuwa nayo, hivyo mama yake alitazama nyota ili ajue wakati wa kumwamsha.

MAZIWA YENYE MAJI

Kila mchezaji alitakiwa kufika mazoezini na maziwa nusu lita, ayanywe. Familia ya Rani iliweza kununua mililita 200 tu. Unajua alifanyaje? Aliongeza maji, kimya kimya, asimwambie mtu.

Hebu tuongee ukweli. Maji yanajaza chupa, hayajengi mwili. Katika umri wako mifupa inarefuka na misuli inakua, hata kama huchezi chochote. Unahitaji protini ya kujenga mwili na madini ya chokaa ya kuimarisha mifupa. Msichana aliyeanza kupata hedhi anahitaji pia madini ya chuma zaidi, kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Chuma kikipungua sana unapata upungufu wa damu: unachoka upesi, kichwa kinazunguka, darasani unasinzia. Wenzako watasema mvivu, kumbe ni damu.

Je, lazima maziwa? Hapana. Maharage, karanga, mayai na dagaa vina protini. Dagaa ukiwatafuna na mifupa yao, unapata chokaa pia. Maharage na mboga za majani vina chuma; kula pamoja na chungwa au kamulia ndimu, mwili utakipokea vizuri zaidi. Chai isubiri, usinywe pamoja na chakula, maana inazuia chuma kuingia mwilini.

AKAFIKA WAPI?

Baadaye kocha alimnunulia Rani vifaa, akamkaribisha aishi na familia yake na kuangalia chakula chake. Mwaka 2008 akaingia timu ya taifa, angali mtoto wa shule. Mwaka 2010 alicheza Kombe la Dunia akiwa na miaka 15. Mwaka 2013, katika Kombe la Dunia la vijana nchini Ujerumani, India ilipata medali ya shaba na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano.

Mwaka 2016 alikwenda Olimpiki ya Rio. Timu ya wanawake ya India ilikuwa haijafika huko tangu 1980! Mwaka 2019 bao lake dhidi ya Marekani liliwapeleka Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021. Huko aliongoza timu kama nahodha, wakaifunga Australia 1-0 katika robo fainali na kumaliza nafasi ya nne. Baada ya hapo aliumia msuli wa nyuma ya paja, akalikosa Kombe la Dunia la 2022. Mwaka 2024 alistaafu.

NA WEWE JE?

Juhudi za Rani zilikuwa kubwa, lakini hazikutosha peke yake. Walihitajika wazazi waliokubali na kocha aliyejali sahani yake. Kwa hiyo ukiwa na njaa, usifiche. Mwambie mwalimu unayemwamini, au mlezi, au muuguzi. Njaa siyo aibu. Na kama wewe ndiye unayekula vizuri, usimcheke mwenzako anayechoka mapema uwanjani.

ZUNGUMZENI DARASANI
1. Kwa nini Rani aliona bora kuficha kuliko kusema?
2. Kwenu, nani anapewa chakula kingi zaidi, mvulana au msichana? Kwa nini?
3. Ni chakula gani cha bei nafuu mtaani kwenu kinajenga mwili?