Mihogo na Siku Zake Tatu

Aingiaye katika jiko la kale kwanza huona giza, kisha machozi humtoka kwa moshi, na macho yakisha kuzoea ndipo huona mali iliyomo. Juu ya mafiga matatu pana uchaga wa fito, mweusi kwa masizi, na hapo wamepangwa samaki waliopasuliwa, vipande vya nyama, na mahindi ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yake. Wanafunzi wetu huyacheka masizi hayo, wala hawajui kwamba wanacheka ghala. Joto la moto hukausha, moshi hufukuza inzi na wadudu wa nafaka, na samaki ambaye angeoza kesho hukaa majuma mengi. Maharagwe nayo mama zetu huyachanganya na majivu makavu, ili vidudu visipate nafasi ya kupita kati ya punje.

Lakini leo, wasomaji wapenzi, hatutaki kukaa sana juu ya uchaga. Twataka mtazame pembeni, penye chungu kikubwa kilichofunikwa kwa majani, ambacho harufu yake imewafukuza wageni wengi. Ndani mna mihogo michungu iliyomenywa na kuzamishwa majini. Itakaa humo siku 3, na katika nchi za milima penye baridi hata siku 4 au 5, mpaka ilainike na kuvunjika mkononi. Wengine hutumia kijito au shimo la maji badala ya chungu.

Tulipokuwa watoto, njaa ilitutuma kuchopoa kipande siku ya pili. Nyanya yetu, mzaa baba, akatukamata mkono.

«Wajukuu wangu, rudisheni. Maji hayajamaliza kazi yake.»

«Kazi gani, nyanya?»

«Yanatoa ukali. Msiponitii mimi, mtayatii matumbo yenu.»

Mzee huyo hakusoma hata siku moja. Jina la ule ukali tumelipata sisi katika vitabu. Ndani ya mihogo michungu mna kitu kiitwacho linamarini, ambacho kikivunjika hutoa sianidi, sumu kali sana. Katika muhogo mzima, linamarini hukaa mbali na chachu iwezayo kuivunja. Muhogo ukilainika majini, vyumba vyake vidogo hupasuka, vitu hivyo viwili hukutana, na sumu huanza kutoka: nyingine huingia majini, nyingine huruka hewani. Kisha jua hukausha, kinu huponda, na unga huliwa pasipo hofu. Kuanika juani peke yake, bila kulowesha, hakutoshi kwa mihogo ya namna hii.

Wala tusidhani kwamba ujuzi huu ulikuwako tangu zamani zote. Muhogo si mmea wa kwetu. Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16. Wazee waliupokea ukiwa mgeni, wakajifunza kuutawala.

Na ambaye hakuzishika siku hizo tatu hupatwa na nini? Twende upande wa magharibi wa nchi yetu, katika Kwango. Mwaka 1938 mganga Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa ambao Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtoto hulala mzima, naye huamka asubuhi miguu yote miwili imekakamaa. Tangu siku hiyo huenda kwa ncha za vidole, au kwa fimbo, au asiweze kusimama kabisa. Huwashika zaidi watoto, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Baadaye, katika miaka ya 1970, barabara ya kwenda Kinshasa ilitiwa lami. Malori yakaja kutafuta mihogo, fedha zikaingia vijijini, na katika nyumba nyingi zile siku 3 za maji zikawa siku 1. Wachunguzi walioeleza mambo hayo mwaka 1992 walionyesha kwamba konzo ilifuatana na haraka hiyo. Hatuwalaumu mama wale. Mwenye karo ya kulipa, akisikia honi ya lori nje ya ua, masikio yake hayasikii kitu kingine.

Tena waliopatwa walikuwa wakila mihogo karibu peke yake. Mwili hupigana na sianidi kwa msaada wa salfa, ambayo huipata katika vyakula vya kuujenga, kama samaki, nyama na maharagwe. Sasa inueni macho tena kwenye ule uchaga mweusi! Samaki mkavu aliyelala juu ya moshi ni mlinzi wa yule alaye ugali wa mihogo. Na mboga ya sombe nayo ina sumu ile ile. Ndiyo sababu hutwangwa sana na kuchemshwa kwa muda mrefu.

Kwa wenye mashaka juu ya unga walionunua sokoni, iko njia iliyofundishwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury. Unga hutiwa maji, hukorogwa, hutandazwa juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu iliyosalia huruka, na unga hupikwa siku ile ile. Mwaka 2010 wanawake wa kijiji cha Kay Kalenge, huko Kwango, walianza kuifuata, na katika muda wote wa uchunguzi hapakutokea mgonjwa mpya. Njia hii huongezwa juu ya kulowesha. Haichukui mahali pake.

Nyanya yetu hakuhesabu saa. Asubuhi ya siku ya tatu alizamisha mkono chunguni, akabonyeza kipande kati ya vidole viwili. Kikisagika, alituita tuje na vikapu. Kikikataa, alirudisha majani juu ya chungu, nasi siku hiyo tulikula viazi.