Neno "Mageuzi" na Chama cha NCCR: Urithi Wake na Mategemeo Yake

Makusudi ya makala hii ni kueleza habari za chama kidogo cha siasa cha Tanzania, NCCR-Mageuzi: kilitoka wapi, kimeacha nini, na kina matumaini gani. Chama hiki hakina tena nguvu kiliyokuwa nayo Bungeni mwaka wa 1995, na vijana wengi hukijua kwa jina tu. Walakini jina lenyewe lina mambo ya kuchunguzwa, na mwenye kutaka kujua urithi wa chama hiki hana budi kuanza nalo.

Mkoa wa Mara wafaa kuwa mahali pa kuanzia. Mwigobero ni kata ya mji wa Musoma iliyo ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mwaloni pake hukutana wavuvi, wachuuzi wa dagaa na abiria wa vyombo vya majini. Wajita, Wakwaya, Wakuria, Wajaluo na Wazanaki, kila mmoja na lugha ya kwao, na Kiswahili kikiwa lugha ya wote. Neno la siasa likisemwa na kueleweka mahali kama hapo, limekwisha kutoka mikononi mwa wasomi na kuwa mali ya watu. Tena Butiama na Bunda haziko mbali na mji huo, na miji hiyo miwili ina sehemu yake katika habari hizi, kama itakavyoonekana.

Neno "mageuzi" lilikuwapo katika Kiswahili kabla ya chama. Asili yake ni kitenzi "geuka". Kikitiwa maana ya kusababisha, sauti "k" ya mwisho hugeuka "z", tukio liletalo "geuza". Na kutoka "geuza" ndipo lipatikanapo jina "mageuzi". Kutoka "geuka" yenyewe hupatikana "mageuko", na tofauti yake si ndogo. Mageuko ni jambo litokealo lenyewe, kama majira yabadilikavyo. Mageuzi yana mtu ayafanyaye. Asemaye kwamba nchi yahitaji mageuzi, kwa hiyo, amekwisha kusema kwamba yuko apaswaye kuyatenda.

Neno hili lilikuja kusimama mbele ya neno jingine lenye nguvu, "mapinduzi", lililomo katika jina la chama kinachotawala. Chama cha Mapinduzi kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganishwa TANU na Afro-Shirazi Party, na jina lake lawakumbusha watu tukio la Unguja la tarehe 12 Januari 1964. Sauti "z" iliyomo katika "mapinduzi" haitokani na "k", bali na "l" ya kale iliyopotea katika "pindua", na ambayo hurudi kusikika tusemapo "pinduliwa". Maneno haya mawili, basi, hufanana kwa sura ingawa njia zao ni mbalimbali. Kwa maana hayafanani. Mvuvi wa Mwigobero hahitaji mwalimu wa kumweleza: mtumbwi uliopinduliwa humwaga majini vyote vilivyomo, mtumbwi uliogeuzwa hubadili mwelekeo, na watu wake wamo vilevile. Waliochagua neno "mageuzi" walikuwa wakiiambia nchi kwamba hawakukusudia kuizamisha.

Waliolichagua walikuwa watu wa aina gani? Mwaka wa 1991 wanasheria, wasomi na wanasiasa waliotaka mfumo wa vyama vingi walikutana Dar es Salaam na kuunda kamati. Miongoni mwao walikuwamo Chifu Abdallah Fundikira, aliyepata kuwa waziri wa serikali ya kwanza ya Tanganyika huru, na wakili Mabere Marando. Mwaka huohuo Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuwa ikizunguka nchini kuwauliza wananchi kama wapenda chama kimoja au vingi. Watu wapatao 20 tu katika kila 100 walitaka vyama vingi. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, ikaorodhesha sheria 40 za kukandamiza zilizopasa kufutwa au kurekebishwa, na kushauri matayarisho ya katiba mpya. Shauri la vyama lilikubaliwa, na sheria ikabadilishwa mwaka wa 1992. Shauri la katiba mpya halikutimizwa.

Hapa jina la chama latoa ushahidi. Herufi NCCR ni za Kiingereza, na kwanza zilisimama mahali pa maneno yenye maana ya Kamati ya Taifa ya Mabadiliko ya Katiba. Kamati ilipogeuka kuwa chama na kupata usajili wa kudumu Januari 1993, herufi zilibaki zilezile, lakini maana yake ikabadilishwa, ikawa kama kusema Mkutano wa Taifa wa Ujenzi na Mageuzi. Na neno la Kiswahili likaongezwa mwishoni ili mwananchi asiyejua Kiingereza apate kushika kitu. Katika mabadiliko hayo neno moja lilitoka katika jina, nalo ni "katiba". Yamkini halikuonekana kuwa hasara, maana chama chataka kura, na kwa watu wengi katiba ilikuwa kitabu cha mawakili. Illa neno hilo ndilo lililokuwa sababu ya kukutana kwao.

Nguvu ya chama ilifika kilele mwaka wa 1995. Augustine Mrema, aliyekuwa amejipatia sifa kubwa akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliondolewa serikalini Februari mwaka ule, akajiunga na NCCR-Mageuzi na kuwa mgombea wake wa urais. Alipata asilimia 27.8 ya kura, na Benjamin Mkapa wa CCM asilimia 61.8. Chama kilitwaa majimbo 16 katika 232. Chama cha CUF kilipata 24, lakini yote Zanzibar. Kwa upande wa Bara hapakuwa na chama cha upinzani kilichokaribia NCCR-Mageuzi.

Katika Mara mshindo wake ulisikika Bunda. Mgombea wa CCM alikuwa Jaji Joseph Warioba, Waziri Mkuu wa tangu 1985 hata 1990. Aliyesimama kwa NCCR-Mageuzi alikuwa Stephen Wassira, naye mtumishi wa siku nyingi wa TANU na CCM. Wassira alishinda, shauri likapelekwa mahakamani, na ushindi ukatenguliwa. Katika uchaguzi uleule Makongoro Nyerere, mwana wa Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama, alichaguliwa mbunge wa Arusha Mjini kwa chama hichohicho. Naye pia alikipoteza kiti chake mahakamani. Baadaye wote wawili walirudi CCM, na Januari 2025 Wassira akawa Makamu Mwenyekiti wa chama hicho kwa upande wa Bara. Wako wasemao kwamba kurudi kwao kwathibitisha kuwa mageuzi yalikuwa kituo tu cha kupumzikia watu waliokosa nafasi nyumbani. Maneno hayo yana ukweli juu ya baadhi ya viongozi. Lakini aliyepiga kura Bunda hakuwa na cheo alichokikosa. Yeye alimkataa aliyekuwa Waziri Mkuu, mtu wa kwao, kwa karatasi na kalamu, na asubuhi yake akaenda shambani kama kawaida. Kwa nchi iliyokuwa na chama kimoja kisheria tangu 1965, hilo lilikuwa somo ambalo halingeweza kufundishwa darasani.

Anguko lilifuata upesi. Waanzilishi wa chama na mgombea waliyempokea waligombania uongozi, mgogoro ukaendelea miaka miwili na zaidi, na mwaka wa 1999 Mrema akahamia TLP pamoja na wafuasi wengi. Katika uchaguzi wa 2000 NCCR-Mageuzi ilipata jimbo moja, na mwaka wa 2005 haikupata hata moja. Mwaka wa 2010 iliinuka kwa majimbo manne, yote ya Kigoma. Mwaka wa 2015 ikabaki na Vunjo peke yake, ambako mwenyekiti wake James Mbatia alimshinda Mrema. Na mwaka wa 2020 haikushinda popote. Mwaka wa 2022 mgogoro mwingine ulimwondoa Mbatia katika uenyekiti. Mara, watu wasioridhika na CCM walikwisha kuelekea kwingine: Musoma Mjini ilimchagua Vincent Nyerere wa CHADEMA mwaka wa 2010, na Bunda Mjini ikamchagua Ester Bulaya wa chama hicho mwaka wa 2015.

Je, basi, urithi ni nini? Jibu lapatikana katika lile neno lililoachwa. Mwaka wa 2012 serikali iliunda Tume ya Mabadiliko ya Katiba, na mwenyekiti wake akawa Jaji Warioba, yule aliyeshindwa Bunda. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dakta Sengondo Mvungi, mwalimu wa sheria na mgombea urais wa NCCR-Mageuzi mwaka wa 2005, aliyefariki Novemba 2013 baada ya kushambuliwa na majambazi nyumbani kwake, kabla rasimu ya pili haijakabidhiwa. Watu wa pande mbili zilizopingana mwaka wa 1995 walikaa meza moja kufanya kazi ambayo kamati ya 1991 iliitaka. Rasimu yao ilishauri muungano wa serikali tatu. Bunge Maalumu lilipoiacha njia hiyo, wajumbe wa CHADEMA, CUF na NCCR-Mageuzi walitoka nje Aprili 2014 wakijiita Umoja wa Katiba ya Wananchi. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa Oktoba mwaka ule bila wao; kura ya maoni iliyopangwa kufanywa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, wala haikufanywa.

Vyama vidogo vya nchi nyingine vyaweza kutusaidia kupima jambo hili. Ireland kulikuwa na chama kiitwacho Progressive Democrats, kilichoanzishwa mwaka wa 1985. Katika uchaguzi wake wa kwanza, mwaka wa 1987, kilipata viti 14. Mwaka wa 2007 kilibakiwa na viwili, na Novemba 2008 wajumbe wake wakaamua kukivunja. Lakini shabaha yake kubwa, yaani kupunguza kodi, ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na vyama vikubwa na kutendwa. Chama kile, twaweza kusema, kilikufa baada ya kupokonywa kazi yake. Habari ya NCCR-Mageuzi ni kinyume chake. Nguvu imekwisha, na kazi ingali pale pale. Katika mwaka wa 2025 CHADEMA ndiyo iliyodai sheria za uchaguzi zibadilishwe kwanza, na haikushiriki uchaguzi wa Oktoba. NCCR-Mageuzi ilishiriki, ikimsimamisha Haji Ambar Khamis kugombea urais. Mwito wa mageuzi ulikuwa umehama nyumba.

Kuhusu siku zijazo, ni vema kutofautisha chama na hoja. Chama kina vikwazo vya wazi. Sheria yataka chama chenye usajili wa kudumu kiwe na wanachama katika mikoa isiyopungua kumi, Unguja na Pemba zikiwamo, na kukidumisha kiumbile hicho kwahitaji fedha. Nayo ruzuku ya serikali hufuata viti na kura, kwa hiyo asiye na viti hukosa chombo cha kuvitafutia viti. Tena tabia ya kumngoja mtu mashuhuri kutoka nje imekwisha kukivunja mara moja. Njia iliyobaki ni ile ya Kigoma ya 2010: kushika majimbo machache, kuwa na watu wanaojulikana mitaani, na kuwapo hapo hata baada ya uchaguzi kwisha. Njia hiyo ni ndefu, na hakuna dalili za kutosha kwamba imekwisha kuanzwa.

Hoja yenyewe haitegemei usajili. "Mageuzi" limebaki neno la kawaida la Kiswahili, litumiwalo hata na serikali inapoeleza mipango yake ya elimu au ya kilimo. Hapo pana faida na hatari pamoja. Neno likitumiwa na kila mtu kwa kila jambo, hupungukiwa na makali, na huweza kusahauliwa kwamba "mageuzi" yana mtendaji, na kwamba mwaka wa 1991 waliolishika walitaja waziwazi kitu cha kugeuzwa, yaani katiba. Chama chochote kitakacholirudisha neno hilo pamoja na kitu chake, kiwe NCCR au kingine, ndicho kitakachokuwa mrithi wa haki.