Istilahi za Uhariri wa Video: Mkato Upi?

Istilahi njema ni ile inayomwelekeza msomaji kwenye dhana moja tu. Kanuni hii yajulikana kwa kila mfasiri, lakini huvunjwa kwa urahisi pale fani mpya inapoingia nchini na kuazima maneno yaliyokwisha kuwa na kazi nyingine. Katika makala haya tumeona yafaa kulichunguza neno mkato katika kazi ya uhariri wa video.

Neno hili limebebeshwa maana tatu. Kwanza, mkato ni alama ya uandishi ambayo watoto hufundishwa katika shule za msingi. Pili, ni tendo la kukata kipande cha video. Tatu, wafasiri wa programu za kompyuta, wakifuata usemi wa kawaida wa njia ya mkato, wamelitumia kwa vitufe vinavyobonyezwa ili kutoa amri upesi bila ya kushika kipanya. Maana zote tatu hukutana katika kazi moja, juu ya meza moja.

Tuchukue mfano wa mhariri wa Kambarage, mjini Shinyanga, anayetengeneza video ya bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ichezwayo kwa majembe. Picha na sauti zimepishana kidogo. Video ikiwa na picha 25 kwa sekunde, picha moja huchukua milisekunde 40. Kipande chahitaji kusogezwa picha moja au mbili tu ili jembe lishuke pamoja na mlio wa ngoma. Kipimo kidogo namna hiyo hupatikana vyema kwa vitufe kuliko kwa kipanya.

Katika Final Cut Pro na DaVinci Resolve, kwa mpangilio wa vitufe uliokuja na programu, kitufe cha mkato husogeza kipande kilichochaguliwa picha moja upande wa kushoto, na kitufe cha nukta upande wa kulia. Katika Adobe Premiere Pro, kazi hiyo hufanywa kwa kubonyeza mshale wa kushoto au wa kulia pamoja na kitufe cha Alt, au Command katika kompyuta za Apple. Humo mkato huchomeka kipande kipya na kuvisukuma mbele vyote vinavyofuata. Nukta nayo huweka kipande kipya mahali pa kile kilichopo na kukifunika.

Basi mhariri huyu akihamia Premiere Pro, kisha akasoma katika maelezo kwamba "kipande husogezwa kwa mkato", ataelewa nini? Je, abonyeze alama, atumie amri, au akate? Akibonyeza alama, kama alivyozoea, huenda akavuruga mpangilio wa kazi nzima. Asipogundua mapema, atamkabidhi mteja video ambayo sauti yake haifuati picha.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba neno mkato liachiwe alama ya uandishi, kwa kuwa ndiyo maana iliyokwisha kuota mizizi shuleni. Tendo la kukata liitwe ukataji. Vitufe vinavyotoa amri viitwe amri ya vitufe. Ama matendo yenyewe, yatoshe maneno matatu yaliyo wazi: kusogeza, kuchomeka na kufunika.

Aidha, hapana budi jina lifuate tendo, wala si kitufe. Kitufe hubadilika kutoka programu moja hadi nyingine. Hata ndani ya DaVinci Resolve mtumiaji aweza kuchagua mpangilio unaofanana na ule wa Premiere Pro. Tendo halibadiliki. Mwalimu anayeandaa maelezo aanze kwa tendo, ndipo ataje programu, na mwisho kitufe: "Kusogeza kipande kushoto, Final Cut Pro, kitufe cha mkato." Mwanafunzi aliyejifunza hivyo, akihama programu, atauliza swali lililo sahihi: kusogeza hufanywa kwa kitufe gani hapa?

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa idara za habari wayapime maneno haya katika kazi zao, na kutuletea yaliyo bora zaidi pale yatakapopwaya.