STEMPU ZA ZANZIBAR NA MANDHARI YA VISIWA VYETU

Mara kwa mara wananchi, khasa vijana wa skuli, huuliza kwa nini Zanzibar haina stempu zake yenyewe, ilhali katika masanduku ya wazee wao hukuta barua kongwe zenye stempu zilizoandikwa jina la Zanzibar na kupambwa kwa picha za bahari, majahazi na karafuu. Makala haya yanakusudia kuwafahamisha wasomaji asili ya stempu hizo, sababu iliyofanya zikome, na namna ya kuzitunza zile zilizobakia.

Asili ya stempu

Stempu ni ushahidi wa malipo. Mwenye kutuma barua hulipa kwanza, na kijikaratasi kinachobandikwa juu ya bahasha huthibitisha kuwa ada imekwisha kulipwa. Utaratibu huu ulianza Uingereza mwaka 1840; kabla ya hapo aghalabu aliyepokea barua ndiye aliyelipa.

Hapa Zanzibar huduma ya posta iliendeshwa kwanza na Posta ya India. Mwaka 1895 Zanzibar ilichukua posta yake, na kwa kuwa stempu zake zilikuwa bado hazijachapishwa, zilitumika za India zilizopigwa chapa ya jina la Zanzibar. Mwaka uliofuata, 1896, zilitoka stempu zenye sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini. Hivyo picha ya mwanzo kuonekana katika stempu za visiwa hivi ilikuwa ya mtawala, wala haikuwa ya nchi.

Nchi na bahari zaingia katika stempu

Mandhari yalionekana mwaka 1908. Stempu za thamani kubwa za mwaka huo, kuanzia rupia 10 hadi rupia 200, zilionyesha bandari ya Zanzibar. Thamani hizo zilipindukia mno ada ya barua ya kawaida, na kwa hiyo watu wachache tu walizishika mikononi. Mwaka 1913, katika enzi ya Sultani Khalifa bin Harub, stempu za rupia zilichorwa ngalawa na jahazi. Mwaka 1944 ilitolewa stempu ya jahazi pamoja na ramani inayoonyesha Zanzibar na Maskati, kuadhimisha miaka 200 ya ukoo wa Al Busaid.

Stempu zilizotolewa mwaka 1957 ndizo zilizoonyesha visiwa kwa upana zaidi. Ndani yake mlikuwamo karafuu, zao ambalo sehemu yake kubwa hutoka Pemba; jahazi liitwalo Ummoja Wema; ramani ya pwani ya Afrika Mashariki; Msikiti wa Mnara uliopo Malindi; Kasri la Kibweni; na Msikiti wa Dimbani, Kizimkazi, ambao maandishi yake ya kale yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Karafuu ziliwekwa katika stempu za senti 5 na senti 10. Kwa hiyo, tofauti na bandari ya mwaka 1908, picha hii ilimfikia hata mwenye senti chache.

Inafaa kuzingatia kwamba ngalawa na jahazi, ambazo leo mgeni huzipanda kwa matembezi na kujiburudisha baharini, katika stempu hizo ziliwekwa kwa sababu zilikuwa riziki ya watu na njia yao ya kusafiria.

Mapinduzi na Muungano

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, stempu zilizokuwapo hazikutupwa. Zilipigwa mhuri wa maneno "JAMHURI 1964", za mwanzo kwa mkono hapa hapa Zanzibar, ndipo zikatumika. Katika stempu hizo sura ya Sultani na tamko la Jamhuri vimo katika karatasi moja, na ndiyo maana zinahesabiwa kuwa miongoni mwa kumbukumbu muhimu za mwaka ule.

Katika Mapatano ya Muungano ya mwaka 1964, posta iliwekwa katika mambo ya Muungano. Zanzibar iliendelea kutumia stempu zake kwa muda, lakini kuanzia tarehe 1 Januari 1968 ziliondolewa katika matumizi. Hivi leo stempu za nchi nzima hutolewa na Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kazi mwaka 1994. Hii ndiyo jawabu ya suala lililotajwa mwanzoni.

Kutunza zilizobakia

Kwa kuwa stempu hizo hazichapishwi tena, kila inayopotea haina badala yake. Wananchi wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, stempu isibanduliwe wala kukatwa kutoka katika bahasha. Mhuri wa posta huonyesha mahali na siku barua ilipopita, iwe Wete, Chake Chake au Mjini. Stempu ikishabanduliwa, habari hiyo hupotea.

Pili, bahasha ziwekwe pakavu, mbali na jua na wadudu, wala zisitiwe gundi wala utepe wa kubandikia. Hewa yetu ya bahari ina unyevu mwingi, na karatasi huharibika upesi.

Tatu, mwenye kuombwa kuuza asifanye haraka, bali atafute kwanza ushauri wa wajuzi. Vilevile mnunuzi na awe na hadhari, kwani mhuri uliopigwa kwa mkono ni mwepesi kuigizwa. Na akionyeshwa kijikaratasi chenye jina la Zanzibar peke yake kinachodaiwa kuwa stempu ya barua ya baada ya mwaka 1967, ajue kuwa dai hilo si sahihi.

Nne, kabla ya kuchoma au kutupa makaratasi ya marehemu, jamaa wayapitie kwanza. Barua moja yaweza kubeba khabari za familia, sura ya nchi na historia ya serikali kwa pamoja.

Wazee wenye barua kama hizo wanaombwa wawaonyeshe wajukuu wao na kuwaeleza zilitoka kwa nani na zilikwenda wapi. Maelezo hayo hayamo katika stempu, na yasipotolewa sasa hatakuwapo wa kuyatoa baadaye.