Mota Mbili, Difu Moja

Difu hugawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili na kuyaacha yazunguke kwa kasi tofauti. Katika kona za barabara ya Tukuyu kwenda Kyela, tairi la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani. Bila difu, lori lingeburuza tairi kila kona. Kwenye roboti kazi hiyo huweza kugeuzwa: mota mbili hufungwa kwenye ekseli za pembeni, moja kila upande, na nguvu hutolewa pale ambapo kwenye gari ingeingilia.

Hesabu ya kasi ni nyepesi. Kasi inayotoka ni nusu ya jumla ya zile zinazoingia. Mota moja ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na nyingine mara 1,000, hutoka mizunguko 2,000. Zikipingana kwa kasi sawa, roboti husimama tuli ilhali mota zote mbili zinazunguka.

Kigumu ni torki, yaani nguvu ya kusokota. Difu ya kawaida hudai torki sawa pande zote mbili, hivyo inayotoka haizidi mara mbili ya ile ya mota dhaifu, hata mwenzake awe na nguvu mara kumi. Masika huko Rungwe jambo hili halihitaji maabara. Fuso lililobeba majani mabichi ya chai kwenda kiwandani Katumba likikwama kwenye njia ya udongo, tairi moja hurusha tope na la pili halisogei, ingawa limekanyaga pagumu. Linaloteleza halipokei torki ya maana, na la pili hupata kiasi hichohicho. Dereva mwenye loki ya difu huifunga. Asiye nayo hutafuta mawe, na chai haisubiri.

Kwenye roboti mota dhaifu huweza hata kugeuzwa nyuma na ile kubwa, umeme ukaliwa bure. Dawa ni breki, au gia ya skrubu ambayo mota huizungusha lakini mzigo hauwezi kuirudisha. Upande mmoja ukishikwa, mota iliyobaki huendesha kwa nusu ya kasi yake na torki maradufu.

Anayetaka nguvu ya kupandia mlima tu ni heri afunge mota zote kwenye gia moja. Anayetaka kuchanganya kasi za mota zisizolingana atumie gia za sayari, ambazo hugawa torki kwa uwiano wa meno. Katika Prius ya Toyota iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, gia ya katikati ina meno 30 na pete ya nje 78, hivyo pete hupata asilimia 72 hivi ya torki ya injini. Kwa mpango huo, mota ndogo hukaa katikati na kubwa kwenye pete.