Tumbo Kubwa Si Shibe

Kwetu Lamu samaki tunao, lakini mtoto akishaachishwa ziwa huweza kushindishwa na uji mtupu. Hapo huingia kwashakoo. Jina limetoka Ghana. Dakta Cicely Williams alilitangaza mwaka 1935, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyepishwa na mdogo wake.

Ini hugeuza wanga kuwa mafuta, na mafuta hayo hayatoki ila yabebwe na protini. Protini zenyewe ini huziunda kutokana na chakula. Zikikosekana, mafuta hurundikana humo, ini likavimba. Albumini nayo hupungua damuni, na miguu hufura. Nimesikia watu wakisema, ati, "Kanenepa!"

Mpeni samaki aliyepondwa, kunde, yai. Aliyekwisha fura, hospitali kwanza: kumshibisha ghafla ni hatari.