Irisi na jubarbi kwenye udongo mwekundu wa Lubumbashi

Irisi na jubarbi ni mimea ya bustani iliyolelewa Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu moja. Amri ya mfalme Karolo Mkuu kuhusu mashamba yake, iliyoandikwa karibu na mwaka 800, ina orodha ndefu ya mimea ya kupandwa. Wengi walioichunguza wanaona kuwa mmoja wa mimea hiyo ni irisi. Orodha inaishia kwa kumtaka mtunza bustani awe na jubarbi juu ya paa la nyumba yake, kwa maana watu waliamini kwamba inazuia radi. Imani hiyo ingeeleweka haraka Katanga, ambako mvua ya Novemba huja na ngurumo kubwa, ila mmea huo usingelivumilia bati la moto la Lubumbashi hata mwezi mmoja.

Irisi inajulikana kwa ua lake: petali tatu zimesimama, tatu zimeinama, na rangi zake huanzia nyeupe hadi zambarau iliyokolea. Majani yake ni marefu na makali kama panga, yamejipanga kama upepeo. Aina zinazopandwa zaidi bustanini hujificha wakati mbaya kwa njia ya shina nene linalotambaa chini ya uso wa ardhi, ambalo huhifadhi chakula. Shina hilo halitaki kufukiwa kwa kina. Mgongo wake unapaswa kuota jua, na kila baada ya miaka mitatu au minne hufukuliwa, likakatwa vipande na kupandwa upya, la sivyo mmea hujisonga wenyewe na maua hupungua. Baadhi ya aina hupenda majimaji. Irisi ya manjano iliyomo kwenye bendera ya jimbo la Brussels, kwa mfano, huota kandokando ya mito na madimbwi.

Jubarbi haina uzuri wa ua wa kupigania macho. Uzuri wake uko kwenye majani mafupi, manene, yaliyokusanyika katika shada la duara lililobana ardhi. Huota juu ya miamba ya milima kuanzia Moroko na Hispania hadi Irani, mahali ambapo udongo ni kiganja kimoja tu. Maji yamo ndani ya majani. Mchana vitundu vya kupumulia hufungwa ili unyevu usitoke; usiku hufunguliwa, mmea ukavuta hewa ya kaboni na kuiweka katika hali ya asidi hadi jua litakapochomoza. Utaratibu huo umechukua jina la familia ya jubarbi, kwa sababu ndiko wanasayansi walikouchunguza kwanza kwa kina. Shada huchanua mara moja tu katika uhai wake, kisha hufa, lakini kabla ya hapo limekwisha kuzungukwa na machipukizi yatakayoshika nafasi yake.

Kwa hiyo mimea hii miwili hukabili ukame kwa njia mbili tofauti. Mmoja hurudi chini ya ardhi na kungoja. Mwingine hubaki juu, na akiba yake imo mwilini. Ukitazama hilo peke yake, Lubumbashi ingeonekana kuwa nyumbani kwao. Jiji liko kwenye mwinuko wa mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Mei hadi Septemba karibu hainyeshi kabisa, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kisha huja masika ya Novemba hadi Machi, na mvua ya mwaka mzima hufikia takribani milimita 1,200. Masika ndiyo huharibu hesabu. Baridi na ukavu wa Katanga huenda pamoja, na joto na maji huenda pamoja. Jubarbi ya milimani imezoea theluji kavu, haikuzoea miezi mitano ya udongo moto uliolowa. Huanza kuoza shinani, na majani ya chini yakawa kama uji. Irisi yenye shina nene nayo huoza mvua ikizidi. Hata ikipona, aina zake nyingi huhitaji majuma ya baridi kali kuliko ya Lubumbashi ili zitoe maua kwa wingi, hivyo mwenye bustani hubaki na majani mazuri na maua ya kuhesabu.

Hilo si jambo la kukatisha tamaa, kwa sababu ndugu wa mimea hiyo wamekwisha kukaa Katanga kabla ya bustani yoyote kulimwa. Irisi halisi haioti porini kusini mwa Sahara, lakini familia yake ina tawi lenye nguvu kubwa barani Afrika: gladioli. Ziko aina zaidi ya 250, nyingi zikiwa za Afrika, na msitu wa miombo una zake. Gladioli hulala ardhini kama kiazi katika miezi mikavu, moto wa msituni ukapita juu yake bila kuidhuru, kisha mvua zikishuka huinua majani ya upanga na mstari wa maua. Watu wa Katanga wanaujua ujanja huo kupitia kikanda, chakula kitokanacho na viazi vya okidi za porini, ambazo nazo hukaa ardhini hivyo hivyo.

Vilima vya shaba vya Katanga vina gladioli zake maalumu. Paul Duvigneaud, mtaalamu wa mimea kutoka Brussels aliyeitafiti sana mimea ya udongo wa shaba katika miaka ya 1950 na 1960, ni mmoja wa waliozieleza. Aina mojawapo, Gladiolus tshombeanus, ilipewa jina la Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga kati ya 1960 na 1963. Mimea ya vilima hivyo isichimbwe kupelekwa mjini. Makazi yake ni madogo, migodi inayakata mwaka hadi mwaka, na kiazi kilichozoea shaba nyingi hakina faida yoyote kwenye udongo wa kawaida. Bustani inatosheka na gladioli za dukani, na hizo nazo zina damu ya Afrika: katika karne ya 19 wakulima wa maua wa Ubelgiji walizipata kwa kuchanganya aina za bara hili, mojawapo ikiwa Gladiolus dalenii, ambayo huota porini katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki.

Upande wa jubarbi, ndugu wa karibu ni kalankoe. Aina kadhaa ni za Afrika, na ile inayouzwa zaidi kwenye vyungu, yenye vishada vya maua mekundu, manjano au waridi, asili yake ni Madagaska. Kutoka kisiwa hicho pia ilitoka Kalanchoe pinnata, ambayo jani lake likianguka huotesha miche midogo kwenye kingo zake. Mmea huo hauhitaji kubembelezwa, unahitaji kuzuiwa. Anayependa hasa umbo la shada la duara achukue ekeveria ya Meksiko, iliyo katika familia hiyo hiyo, inayofanana sana na jubarbi na isiyodai majira ya theluji. Iwekwe tu chini ya ukingo wa paa, mahali penye mwanga mwingi pasipofikiwa na mvua.

Tofauti kubwa ya jozi hii ya Kiafrika, gladioli na kalankoe, iko katika kalenda, na hapo ndipo ilipo faida yake kwa bustani ya Lubumbashi. Gladioli hupandwa Oktoba, mvua za kwanza zikikaribia, kwa kina cha sentimita 10 hivi, na huchanua ndani ya masika. Kalankoe ya vyungu huanza kutengeneza maua usiku unapokuwa mrefu, kwa hiyo hupamba Juni, Julai na Agosti, wakati bustani nyingine imekauka na vumbi jekundu limetanda. Mmoja akilala, mwingine yuko macho. Maji ya kalankoe wakati huo ni kikombe mara moja kwa juma, jambo la maana mahali ambapo ndoo ya kisimani hugawanywa kati ya jikoni, kufulia na mboga.

Udongo nao una neno lake. Udongo mwekundu wa eneo hili kwa kawaida ni mchachu na hauna rutuba nyingi. Kichuguu kikubwa, ambacho huonekana ndani ya lupango nyingi, yaani viwanja vya nyumba, na mara nyingi huchimbwa kwa ajili ya matofali, kina kalisi nyingi na uchachu mdogo kuliko ardhi inayokizunguka. Kwa gladioli, udongo huo uliochanganywa na mchanga ni mzuri kuliko mbolea nyingi za kununua. Ukitumiwa peke yake hushika maji mno, kwani una mfinyanzi mwingi. Kalankoe na ekeveria hutaka kinyume: changarawe, mchanga, na mbolea kidogo sana. Mabega ya kichuguu kilichosalia, yenye mteremko unaokimbiza maji, ni mahali pao pazuri.

Tahadhari inahitajika kwa mitaa iliyo upande uliokuwa ukipelekewa moshi wa mitambo ya kuyeyushia shaba iliyoanza kazi mwaka 1911. Penga Penga ni mmojawapo. Udongo wa juu huko umekusanya shaba na metali nyingine kwa muda mrefu kiasi kwamba sehemu fulani zimebaki vipara, na watafiti wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuzifunika kwa nyasi inayostahimili shaba, Microchloa altera. Maua hupandwa huko kwenye vyungu au matuta yaliyoinuliwa, kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi, na mabaki ya tanuru hayafai kutumiwa badala ya changarawe.

Mwisho ni suala la sumu. Shina la irisi huumiza tumbo likiliwa. Kalankoe ina sumu inayoshambulia moyo, na imewahi kuua ng'ombe na kondoo walioila, hasa maua yake. Penye mbuzi wanaozurura ndani ya lupango, vyungu vya kalankoe huwekwa juu ya ukuta au barazani, na matawi yaliyopogolewa hufukiwa shimoni badala ya kutupwa njiani.